Msiwatoe watu ili kuitengeneza nyumba

Kila masika yakikaribia, mazungumzo kuhusu nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar huwa yale yale. Nyumba hii ina ufa kuanzia mlangoni hadi darini, ile dari yake imebonyea, nyingine imeegemea ya jirani. Dawa inayotajwa kwanza nayo ni ile ile: wakazi watoke, mlango utiwe kufuli, fedha zitafutwe, nyumba ijengwe upya, watu warudi. Ni mpango unaosikika kuwa wa busara, na mara nyingi wanaoupendekeza wana nia njema. Tatizo ni kwamba hukwama kwenye kufuli. Fedha huchukua miaka, nyumba tupu haiwezi kungoja miaka, na zikipatikana aghalabu huwa ni fedha za mtu ambaye hana haja na wale waliotoka. Hoja yangu ni kwamba nyumba ya kawaida ya Mji Mkongwe, ya ghorofa moja au mbili, iliyochakaa lakini bado imesimama, itengenezwe watu wakiwa ndani, chumba baada ya chumba na msimu baada ya msimu. Na kwamba vibali, mikopo na mikataba ya upangaji ipangwe kuufuata utaratibu huo badala ya kuuzuia. Huruma inaweza kuwa sababu, lakini sababu kubwa zaidi imo kwenye nyumba zenyewe. Kwa jinsi zilivyojengwa, zinakubali kutengenezwa hivyo kuliko kwa njia nyingine yoyote.

Tazama boriti. Mjenzi wa pwani hakuanza na ramani ndipo akatafuta miti ya kuitosha; alianza na mti. Mikoko iliyokatwa Rufiji, Lamu na kwingineko ilipangwa kwa unene, na kila unene ukawa na jina lake: fito, pau, mazio, boriti. Boriti ya kutegemewa haikuzidi sana mita tatu, kwa hiyo chumba nacho hakikuzidi upana huo. Ndiyo maana vyumba vya nyumba kongwe za mwambao wetu ni virefu na vyembamba, vimelazwa ubavu kwa ubavu, na kati ya kimoja na kingine upo ukuta wa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, unene wake nusu mita au zaidi. Anayelalamika kwamba nyumba kubwa namna hii haina ukumbi mpana hajui kwamba wembamba huo ndio bahati ya fundi wa leo. Kila chumba kina kuta zake na dari yake. Uzito wa dari ya chumba cha mbele hauendi kwenye boriti za chumba cha nyuma. Unashuka kwenye kuta mbili zinazoibeba, basi. Ukiifungua dari ya chumba kimoja, kile cha tatu hakina habari. Nyumba ya zege haiwezi kusema hivyo, maana sakafu yake ni kipande kimoja na ukiigusa pembeni umeigusa yote. Nyumba ya boriti imegawanywa tangu ilipozaliwa, na kazi inaweza kugawanywa palepale ilipogawanywa nyumba.

Kazi yenyewe ukiitazama kwa karibu haina maajabu. Boriti kwa kawaida haianzi kuoza katikati. Huanza kwenye ncha, pale inapoingia ukutani, kwa sababu ukuta ukinyonya mvua ncha hiyo ndiyo inayokaa na unyevu miezi yote. Fundi huigonga kwa nyundo kutoka katikati kuelekea ukutani. Sauti ikiwa kavu na kali, mti ni mzima. Ikigeuka ikawa nzito, kama ya kugonga gunia la chumvi, hutia bisibisi, na bisibisi ikizama bila kupingwa boriti hiyo imekwisha, hata kama katikati yake bado ni ngumu kama chuma. Anayeitazama kutoka chini hajui lolote. Ili kuibadilisha, dari hukingwa kwa mirunda pande zote mbili, boriti mbovu hukatwa vipande, na tundu moja la ukutani huchimbwa kwenda ndani kuliko la upande wa pili. Boriti mpya huingizwa kimshazari kwenye tundu refu, huinuliwa ikawa sawa, kisha huvutwa kurudi mpaka ncha zote mbili zimekalia jiwe. Matundu huzibwa kwa vipande vya mawe na chokaa, na fundi anayejua huacha upenyo mdogo ili ncha ipate hewa. Hii ni kazi ya mafundi wawili na kijana wa kubeba kifusi kwa karai. Jioni mirunda hubaki ilipo, ngazi hufagiwa, na chumba cha pili watu wanatandika.

Halafu kuna chokaa, na chokaa haina haraka. Mawe ya matumbawe huchomwa kwenye tanuu la magogo, yakiiva huzimwa kwa maji, na chokaa hiyo huachwa shimoni kwa wiki kadhaa, ikiwezekana miezi, kabla ya kutumika. Ikishapakwa haiwi ngumu kwa kukauka tu. Huvuta hewa ya ukaa kutoka kwenye hewa inayoizunguka na kurudi polepole kuwa jiwe. Kwa hiyo kila tabaka linahitaji siku zake kabla ya tabaka linalofuata, na katika siku hizo lazima mtu alirushie maji asubuhi na jioni, au alifunike kwa magunia mabichi, jua lisije likalikausha ghafla likapasuka. Nani atafanya hivyo? Mkandarasi aliyekabidhiwa nyumba tupu na tarehe ya kumaliza hulipwa kwa kumaliza, naye ataichukua saruji inayoshika kwa siku moja. Saruji juu ya matumbawe ni kosa lisiloonekana mwaka wa kwanza. Ukuta wa chokaa hunywa maji na kuyatoa tena. Ukivishwa lipu ya saruji, maji yanayopanda kutoka ardhini na chumvi yake hukosa pa kutokea, huendelea kupanda, hufika kwenye ncha za boriti, na baada ya misimu michache lipu hubanduka mabamba kwa mabamba ikiwa imeng'ang'ania nusu ya ukuta. Chokaa inahitaji mtu ambaye yupo hapo asubuhi, yupo jioni, na hataondoka kazi ikiisha. Mtu huyo anaitwa mkazi, na kwa kuurushia ukuta maji hatumi ankara.

Nyumba iliyofungwa nayo haibaki ilivyoachwa. Bati moja likifunuliwa na upepo wa kusi, anayelala chini yake atajua usiku huohuo. Atakinga ndoo, kesho atamtafuta mtu wa kupanda. Kwenye nyumba yenye kufuli maji yatateremka kwenye ukuta uleule masika yote, na atakayegundua ni jirani, siku udongo utakapoanza kutoka upande wake. Kunguru na popo huangusha mbegu za mkuyu kwenye nyufa. Mche ukiwa na ukubwa wa kidole unang'olewa kwa mkono. Ukiachwa miaka mitatu mizizi yake imeshaingia katikati ya ukuta, na kuung'oa ni kuubomoa ukuta wenyewe. Mlango wa kuchonga una wanunuzi, fremu za madirisha zinafaa kwa kuni. Nakubali kwamba wakazi nao huiumiza nyumba. Tangi la lita 1,000 likiwekwa juu ya dari na kujazwa ni uzito wa tani nzima juu ya miti iliyotegemewa kubeba watu na mikeka, na maji ya kiyoyozi yanayodondoka mahali pamoja kwenye ukuta wa nje, mchana na usiku, ni mvua isiyo na msimu. Lakini haya ni makosa ambayo mtu anaweza kuambiwa akayaacha. Paa lililotoboka kwenye nyumba tupu halina wa kuambiwa.

Kuna pia swali la nani hurudi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilizitwaa nyumba nyingi za waliokimbia au kunyang'anywa mali, na ndani yake ziliingia familia nyingi, mara nyingine familia moja kwa chumba kimoja. Kodi ilikuwa ndogo, matengenezo yakawa madogo zaidi. Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji kwenye orodha ya urithi wa dunia, mwaka mmoja kabla ya Lamu. Tangu hapo yamefanyika mambo ya kusifiwa. Zahanati ya Kale ya Malindi, iliyoanzishwa na Tharia Topan mwaka 1887, ilitengenezwa upya na taasisi ya Aga Khan katika miaka ya 1990, na bustani ya Forodhani ikafuata mwaka 2009. Ila haya ni majengo na maeneo ya umma, yenye jina na picha. Mji una zaidi ya majengo 1,700, na mengi ni nyumba tu. Nyumba hizo ndizo zinazosubiri, na nyumba inayosubiri ikiwa tupu inaona mteja mmoja tu mwenye subira na fedha: mwekezaji wa hoteli. Simlaumu. Ameona paa linalovuja karibu na bahari, akanunua. Ukienda Lamu utakuta nyumba kongwe za Mkomani zilizonunuliwa na wageni, zikapakwa chokaa safi kuliko zilivyowahi kupakwa, na zikakaa na mlinzi sehemu kubwa ya mwaka. Kuta zimepona, barazani hakuna mtu.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni usalama, na halifai kujibiwa kwa mzaha. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakafariki. Ikiwa jumba la namna hiyo linaweza kuanguka mikononi mwa wanaolitengeneza, nani atathubutu kumwambia mama na watoto wake walale jirani na mirunda? Lakini litazame tukio lenyewe. Jumba lile halikuwa na mkazi hata mmoja, lilikuwa limefungwa kwa wageni, na waliokufa hawakuwa watu waliokuwa wakiishi humo. Ni jengo lenye nguzo za chuma na roshani pana kuizunguka kila ghorofa, na halifanani kwa lolote na nyumba ya vyumba vyembamba vya boriti. Linalotufundisha ni kwamba hatari imo kwenye ukuta, na kuwatoa watu hakuuimarishi ukuta. Kwa hiyo kinachotakiwa kwanza ni mtu anayejua aingie, agonge boriti, atundike timazi kwenye kuta, aseme chumba kipi kinalalika na kipi hakilaliki. Ziko nyumba ambazo jibu litakuwa hakuna hata kimoja: ukuta umevimba, ngazi imeachana na ukuta, dari imekaa juu ya vumbi la mchwa. Hizo watu watoke leo, bila mjadala. Ila hizo si zote, wala sidhani kuwa ni nyingi kati ya zote, na sheria ya nyumba inayokufa isitumiwe kwa nyumba inayokohoa. Kwa zilizobaki masharti ni machache na yanaeleweka na kila mtu: asilale mtu chini ya dari iliyofunguliwa wala kwenye chumba kinachopakana na ukuta unaochimbwa, mirunda isiondolewe mpaka fundi aseme, na iwepo njia moja ya kutokea ambayo haitawekwa mchanga hata kwa saa moja.

Vumbi, kelele, na chokaa mbichi inayochoma macho na ngozi ni kero za kweli, hasa penye watoto na wenye pumu, na familia yenye mtu wa namna hiyo ina haki ya kumhamishia kwa ndugu kwa wiki zile mbaya. Wapo pia wanaotaja sitara: mafundi wanaume kushinda ndani ya nyumba yenye wanawake ni jambo zito kwa watu wetu. Ni kweli, na nyumba hizi zina jibu kuliko ghorofa za kisasa. Mjenzi aliipanga kwa hatua, kutoka barazani kuingia dakani, kutoka dakani kuingia ukumbini, na ndani kabisa ndiko kwa wenyewe. Kazi ikianzia mbele, pazia zito na hodi vinatosha. Ikifika ndani, wenyewe wanahamia mbele. Choo na bomba hufanywa mwisho au hufanywa kimoja kimoja. Aliyewahi kuandaa harusi ndani ya nyumba ya vyumba vinne ameshafanya hesabu ngumu kuliko hii.

Je, si ghali zaidi kufanya kidogo kidogo? Fundi anayekuja mara sita hulipwa mara sita, jukwaa hufungwa na kufunguliwa, mchanga hununuliwa kwa toroli badala ya kwa lori. Ukijumlisha, shilingi zitazidi. Ila hesabu hiyo inasahau kodi ya nyumba ya kupanga kwa muda wote wa kazi, na inasahau jambo kubwa zaidi, kwamba fedha yenyewe haiji kwa jumla. Watu wetu hujenga jinsi wanavyopata. Upatu ukitoka inanunuliwa bati, mtoto aliye Muscat akituma inanunuliwa mbao, mavuno ya karafuu yakiwa mazuri wanaitwa mafundi. Hivyo ndivyo nyumba mpya zinavyopanda kila upande wa Tanzania na Kenya, na hakuna anayeshangaa kuona nondo zimechomoza juu ya ghorofa ya kwanza kwa miaka kumi. Nyumba kongwe inastahili mpangilio huohuo kwa masharti ya mfuatano: paa na gata kwanza, boriti baadaye, kuta ziachwe zikauke, lipu na rangi mwisho. Anayeanza na rangi amezitupa fedha zake. Mkopo mdogo unaotolewa kwa hatua, hatua ya pili ikifunguliwa baada ya paa kukaguliwa, ungeifaa nyumba ya namna hii kuliko mkopo mkubwa ambao mwenye nyumba hawezi kuuwekea dhamana.

Pingamizi linaloniumiza kichwa ni la umiliki. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe hazikaliwi na wenyewe. Mwenye nyumba yuko Dubai au Toronto, au ni warithi kumi na wanane wasiosemezana, au ni serikali, au ni wakfu. Mpangaji anayelipa kodi ndogo hana sababu ya kununua boriti kwa nyumba ya mtu mwingine, na akiinunua anaweza kuwa ameitengeneza ili apandishiwe kodi au afukuzwe. Hapa kuishi ndani wakati wa matengenezo hakutoshi. Lazima mkataba ubadilike. Mpangaji anayetengeneza kwa kibali, na kwa risiti, akatwe kiasi hicho kwenye kodi, na ahakikishiwe miaka kadhaa ya kukaa kwa kodi iliyokubaliwa kabla ya nyundo ya kwanza. Mwenye nyumba hapotezi, kwa sababu kitu anachokatwa ni kodi ya nyumba ambayo bila hivyo ingemwangukia. Kwa nyumba za wakfu hoja ni rahisi zaidi. Mafakihi wamesema tangu zamani kwamba mapato ya wakfu hutangulizwa kwenye kuilinda mali yenyewe kabla ya kugawiwa wanaonufaika nayo, maana mali ikianguka hakuna tena cha kugawa. Kutenga sehemu ya kodi ya kila nyumba kwa ajili ya paa lake si mageuzi, ni kurudi kwenye kanuni iliyokuwepo.

Wataalamu wa uhifadhi wana hofu yao, nayo ina msingi: ukimwachia mkazi kazi, atatia tofali za saruji, atang'oa zidaka, ataweka dirisha la alumini. Wengi wamefanya hivyo. Lakini ulizeni kwa nini. Saruji inauzwa kila duka la vifaa, ilhali chokaa iliyoiva vizuri ni ya kutafutwa. Fundi wa zege yuko kila kona, fundi wa chokaa anazeeka. Mkazi aliyechagua saruji hakuuchukia urithi, alichukua kilichokuwa karibu. Shimo moja la chokaa la umma, lenye chokaa iliyokaa miezi na inayouzwa kwa ndoo, lingezuia madhara mengi kuliko ilani za kukataza. Na kibali kifanane na kazi. Kati ya vuli inayoishia Desemba na masika yanayoanza Machi kuna wiki chache za kaskazi ambazo paa linaweza kufunguliwa bila kuombea mawingu, na miaka hii Ramadhani inaangukia humohumo au karibu yake, siku za kazi zikapungua zaidi. Ombi la boriti nne na bati kumi likisimamishwa foleni moja na ombi la hoteli ya vyumba arobaini, aliyeliwasilisha Oktoba anaweza kujibiwa Machi. Atakuwa na kibali mkononi na mvua juu ya kichwa. Paa ataliacha lilivyo mpaka kaskazi nyingine, na zile boriti nne zitakuwa saba.